Magogo Tisa na Maharagi ya Koko

Uani kwetu, mtaa wa Mapendo mjini Goma, hakukuwa na udongo. Nasema hivi mapema kwa sababu nimeshawaeleza watu wa miji mingine habari hii, wakanitazama kama mtu anayetia chumvi. Mlima wetu ulimwaga moto wake, moto ukapoa, sisi tukajenga juu yake. Chini ya kitanda mawe, jikoni mawe, njia ya kwenda chooni mawe meusi yenye meno, yanayomaliza kandambili kwa miezi miwili. Mtoto akianguka Goma haulizwi kama ameumia, anaulizwa ameumia wapi.

Katika uwanja wa namna hiyo ndipo Mama alipotaka mchezo wa kuchezea kwenye majani.

Alikuwa anafua nguo katika nyumba moja kubwa kando ya ziwa, nyumba ya wageni wa ng'ambo walioletwa na mambo ya vita. Huko aliwaona wakisimamisha vipande vya mbao juu ya pelusi, yale majani yanayokatwa sawasawa mpaka yanakuwa kama mkeka, halafu wanavirushia mpira wa mti na kucheka mpaka wanashika mbavu. Watu wazima, wenye kazi zao. Alirudi jioni akamweleza Papa, na alimweleza vibaya, maana Mama hakuwa na subira ya kueleza kitu mara mbili. Alisema ni mchezo wa kuangusha miti, na anautaka kabla ya Jumapili.

Hakuutaka kwa ajili yetu sisi watoto, msidanganyike. Aliutaka kwa ajili ya baba yake.

Baba yake, ambaye sisi wajukuu tulimwita Koko, alikuwa amefika kwetu majuma machache nyuma, kwa miguu, kutoka kijiji chake juu ya kilima upande wa Rutshuru. Mabomu yalikuwa yameanguka karibu na shamba lake. Alikuja na kofia, fimbo, na kigunia chenye suruali moja na mbegu za maharagi. Waliofika pamoja naye waliandikishwa kama wakimbizi wakapewa turubai. Yeye alikataa kuandikishwa. Alisema hakukimbia, amekuja kumsalimia binti yake, na kesho anarudi.

Kesho hiyo aliisema kila siku. Kila asubuhi alivaa kofia, akatupa kigunia begani, akashika fimbo, akaenda pale yanapoingilia malori ya kutoka juu ili awaulize madereva kama njia imefunguka. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilisoma mchana, basi kazi ya kumsindikiza ikawa yangu. Masikio ya Koko yalikuwa yamezeeka, na madereva hujibu huku injini inanguruma. Mimi ndiye niliyeuliza, na mimi ndiye niliyemletea jibu. Jibu lilikuwa moja tu: bado. Koko alisonya, akawalaani wanaopigana wote bila kuchagua upande, tukarudi kupitia mtaa wa Birere, yeye mbele mimi nyuma, hasira imempa miguu ya kijana.

Mama aliishi na hofu. Alimjua baba yake. Siku dereva atakaposema njia iko wazi, Koko atapanda lori saa ileile, hata kama wazi hiyo ni ya siku mbili. Na sote tulikuwa na habari za waliorudi mapema. Mtaani kwetu palikuwa na familia ambayo vijana wake walirudi kuchimba viazi vyao, wakabaki hukohuko kwenye viazi. Kwa hiyo Mama aliwaza kwamba mtu anayecheka hana haraka ya kuondoka. Tumpe mchezo, tumshikilie nao mpaka vita vichoke.

Papa alikuwa fundi wa chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili unaosukumwa kama baiskeli na kubeba kila kitu mjini, kuanzia makala ya kupikia mpaka kitanda cha bibi harusi. Alimcheka Mama kwanza, halafu akachukua msumeno. Kutoka kwenye mabaki ya mikaratusi alikata magogo tisa, kila moja refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Manane tuliyapaka rangi ya buluu iliyobaki kwenye mlango. La tisa tulilipaka nyekundu tukaliita Shefu, yaani mkubwa wao. Mpira wa mti Papa hakuujua na hakutaka kuujua. Alikuwa na magurudumu. Akatoa moja alilokuwa amelikosea kutoboa, tundu limekwenda pembeni kidogo, mteja akalikataa. Ukilivingirisha lilianza vizuri, halafu likaegemea kushoto taratibu, kama mtu anayetoka kwenye pombe.

Sheria Papa alizitunga palepale. Unavingirisha gurudumu toka mbali, unaangusha magogo, lakini Shefu sharti aanguke wa mwisho. Ukimwangusha kabla watu wake hawajaisha, umeshindwa.

Jumapili ile ya kwanza tulicheza juu ya mawe. Aibu tupu. Gurudumu liliruka, likapiga ukuta, likaruka tena, likavuka kwa jirani na kutua ndani ya beseni la sombe, yale majani ya muhogo, ambalo mama wa watu alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kutwanga. Yaliyosemwa siku ile kuhusu familia yetu siwezi kuyaandika. Koko alitazama yote akiwa kwenye kiti chake, akasema hata mbuzi anajua mawe si mahali pa kuchezea. Kesho yake asubuhi, kofia, kigunia, fimbo.

Hapo Papa alichomwa. Mtu anaweza kumwambia Papa ni maskini, akanyamaza. Lakini kumwambia kwamba kitu alichokitengeneza hakifanyi kazi, hapana. Kwa siku tatu yeye na kaka zangu wawili walibeba udongo kwa chukudu kutoka upande wa Sake, magunia kwa magunia, jasho mpaka kwenye nyusi. Majirani walitoka kuangalia, maana Goma mtu akileta udongo mwingi hivyo watu huuliza nani amekufa. Papa aliumwaga kando ya ukuta, akausawazisha, urefu hatua kumi na tano, upana hatua nne. Akapanda vishina vya majani mstari kwa mstari. Mama alitangaza kwamba hakuna anayekanyaga pale na viatu.

Nilivua viatu nikasimama juu yake. Nilikuwa nimezaliwa katika mji ule, na ndiyo siku ya kwanza ardhi ya nyumbani kwetu ilizama kidogo chini ya mguu wangu. Mpaka leo, nikikanyaga udongo laini mahali popote, nakumbuka harufu ya alasiri ile na Papa akijifuta uso kwa fulana, ameridhika mno.

Koko naye alisogea. Alichuchumaa, akachukua udongo kiganjani, akausaga kwa dole gumba, akaunusa. Akarudisha udongo mahali pake akaenda kulala.

Asubuhi tuliamka tukakuta nusu ya pelusi imeng'olewa. Majani yamewekwa pembeni kwa heshima, yamepangwa vizuri, na mahali pake kuna mistari ya maharagi, kila shimo limefunikwa na kupigwapigwa, mistari imenyooka kuliko ukuta wetu. Papa alizoea kumtania Koko kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sasa mgeni hakungoja kupewa.

Kwa watu wetu mukwe hampandishii sauti baba wa mke wake, hata kama nyumba inaungua. Papa aliuliza kwa adabu, meno yamebana, kama muzee ameona kwamba ule ulikuwa uwanja wa mchezo. Koko alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Mukwe," alisema, "udongo muzuri kama hii unaipandia majani? Na mbuzi yako iko wapi?"

Papa akaingia kwenye banda lake la kazi, akapiga randa ubao mmoja kutwa nzima mpaka ukawa mwembamba kama sahani. Mama alijificha jikoni akacheka hadi machozi, halafu akatoka na uso wa mahakama kuamua kesi. Aliamua hivi: nusu ya kushoto ni shamba, nusu ya kulia ni uwanja. Atakayeingiza gurudumu kwenye maharagi anapoteza zamu yake, na anakwenda kuleta maji ya kuyanyweshea.

Sasa kumbukeni lile gurudumu liliegemea wapi. Kushoto. Hakuna aliyelifikiria jambo hilo, hata Mama na hekima yake. Kila mmoja wetu, mara tatu katika nne, aliishia kwenye maharagi. Kaka zangu walibeba bidoni za maji wakitukana chinichini. Sidhani kama kuna maharagi yaliyowahi kunywa maji Goma kama yale. Papa alitaka kubadilisha gurudumu. Koko akakataa katakata, akasema gurudumu halina kosa, kosa ni mikono ya watu wa mjini. Akanyanyuka kitini kwa mara ya kwanza, akalishika, akalilaza kidogo upande wa kulia, akaliachia kwa kukunja kifundo cha mkono kama anayetupa mbegu. Lilikwenda, likajipinda, likarudi katikati, likaangusha magogo manne. Akakaa tena bila kutuangalia. Alikuwa anajidai, muzee yule, si kidogo.

Toka siku hiyo jioni zetu zilibadilika. Tulicheza kila siku kabla jua halijazama, baada ya Mama kutoka kazini. Jirani upande wa pili alikuwa na muzee wake pia, aliyekuja kutoka kilima kilekile cha Koko, na hao wawili wakawa wapinzani. Walitaniana kwa maneno ya zamani ambayo sisi hatukuyaelewa yote. Shefu akianguka mapema Koko alisema mchezo huu ni wa uongo, kwa sababu kwao shefu ndiye hukimbia wa kwanza, halafu ndipo watu wake wanapoanguka. Muzee wa jirani alicheka mpaka akakohoa, Mama akaleta chai. Nyakati nyingine malori ya askari yalipita kwenda kambini Katindo, ukuta ukatetemeka, magogo yakaanguka yenyewe, na kukawa na ugomvi kama hayo yahesabiwe. Nyakati nyingine tulisikia mabomu mbali, upande wa kaskazini. Kisha Koko angeuliza ni zamu ya nani, na mtu mmoja angekwenda kuchukua gurudumu.

Nilikuwa na furaha wakati ule. Naona haya kidogo kusema hivyo, maana ulikuwa wakati mbaya na watu walikuwa wanakufa, lakini ndivyo ilivyokuwa na sitaidanganya karatasi.

Ila mpango wa Mama haukufaulu. Jioni Koko alicheka, asubuhi akaaga. Kofia, kigunia, fimbo. Maharagi yalipanda miti tuliyoyasimikia, yakafika kifuani pangu, yakatoa maua meupe, na bado kila asubuhi alimshika Mama bega, akamwambia abaki na amani. Mama alikasirika mpaka akaacha kumjibu. Aliniambia nimwangalie vizuri baba yake, kama vile mimi, mtoto wa miaka kumi na miwili, ningeweza kumzuia mwanaume asipande lori.

Ndipo ikaja asubuhi ya shu. Shu ni kabichi, sisi ndivyo tunavyoziita. Tulifika pale tukakuta lori moja limesimama, limejaa shu mpaka juu, kubwa, majani yake bado yana maji. Injini ilikuwa inawaka. Nikapanda kwenye kidaraja cha mlango, nikauliza kama kawaida.

"Njia imefunguka, mutoto," dereva alisema. "Kesho asubuhi napanda tena."

Nilishuka. Koko alikuwa amesimama hatua chache nyuma, mkono umekaza kamba ya kigunia, ananitazama. Nilimfikiria Mama. Nilifikiria wale vijana wa viazi. Na kama ninasema ukweli niuseme wote: nilifikiria pia jioni ile, kwa sababu Koko na muzee wa jirani walikuwa sare, na nilitaka kuona nani atashinda.

"Anasema bado, Koko."

Hakusonya. Hakumlaani mtu. Aliliangalia lile lori kwa muda mrefu, kisha akaniangalia mimi. Akasema haya, turudi. Tulirudi polepole, na kwa mara ya kwanza alinishika mkono njiani.

Kesho yake alisema mguu unamuuma, hatatoka. Kesho kutwa vilevile. Mimi nilimshukuru Mungu kwa mguu ule. Siku ya tatu kiti cha muzee wa jirani kilikuwa kitupu. Watu wa kwao walisema amekwenda kuangalia shamba lake, amepanda lori alfajiri. Nikamngoja Koko aulize amepita wapi wakati njia imefungwa. Hakuuliza. Alikwenda kwenye maharagi akaanza kufunga mashina kwenye miti, shina kwa shina, hata yale ambayo hayakuhitaji kufungwa.

Juma lile halikwisha kabla mapigano hayajarudi kwenye kilima kile. Waliotoroka mara ya pili walifika Goma, wengine bila hata kigunia, na mmoja wao alileta habari kwa jirani zetu. Muzee wao alikutwa shambani. Tulisikia kilio kupitia ukutani wakati magogo yamekwisha simamishwa. Koko aliyalaza moja moja, Shefu wa mwisho, akakaa chini karibu na maharagi yake mpaka giza likaingia. Mama alimpelekea blanketi.

Uongo wangu sikumwambia mtu. Nilikwenda kwenye kitubio nikamwambia padri kwamba nimeiba sukari. Nilifikiria kila siku: ningesema kweli, kingekuwa kiti chetu kilicho kitupu. Na bado niliogopa siku Koko atakapojua kwamba mjukuu wake alimdanganya mchana kweupe, katika jambo ambalo hakuna aliyekuwa na haki ya kumwamulia.

Mguu ulipona. Kofia, kigunia, fimbo, tukaendelea kwenda, na majibu yakaendelea kuwa bado, bado za kweli. Maharagi yalikauka tukayavuna. Mama aliyapika sufuria moja na ndizi, wakaitwa jirani, tukala tumekaa juu ya majani yaliyobaki. Papa mwenyewe aliomba kuongezewa, akakiri kwamba udongo ule haukupotea bure. Koko aliweka mbegu kando, akazikausha juu ya bati, akazitia kwenye kigunia.

Halafu vita vikachoka, kama Mama alivyoomba, si vyote, ila vya kilima kile. Watu walipanda na kushuka mwezi mzima na mizigo yao, na hakuna aliyelia. Asubuhi moja Koko aliaga kama siku zote, lakini safari hii Mama alimjibu. Alimfungia mkate na sabuni, akalia, akamwacha aende.

Njiani, tulipofika Birere, nilishindwa kuvumilia. Nikasimama katikati ya wasukuma chukudu, wananipigia kelele niwapishe, nikamwambia kwamba siku ile ya shu dereva alisema njia imefunguka, na mimi nikamdanganya. Nililia vibaya, na kamasi.

Koko alinivuta kando ya njia.

"Nilijua," alisema. "Masikio yangu imezeeka, macho bado. Shu yenye maji kwa majani, inatoka wapi kama njia imefungwa?"

Nikamuuliza kwa nini basi alirudi. Alitazama fimbo yake.

"Miye nilikuwa naogopa, mutoto wangu. Toka siku ya kwanza. Lakini mutu muzima akisema anaogopa kurudi kwake, ataitwa nani? Basi kila asubuhi nilikuwa naomba Mungu dereva aseme bado. Siku ile dereva alikataa kusema. Wewe ukanisemea." Akajifuta macho kwa kofia. "Mwenzangu hakuwa na wa kumusemea."

Tulitembea hadi pale pa malori. Lori lilikuwepo, watu wanapanda, kuku wamefungwa pembeni, na injini inanguruma. Ningeweza kumwambia apande tu, mambo yote yalikuwa yanajulikana. Lakini Koko alisimama palepale pa siku zote, hatua chache nyuma, akaniambia niende nikaulize.

Nikapanda kwenye kidaraja, nikauliza. Dereva akajibu. Niliposhuka Koko alikuwa ananingojea, mkono kwenye kamba ya kigunia, na nikaona kwamba hata sasa nikisema bado, atasema haya, turudi, na jioni tutasimamisha magogo.

"Imefunguka, Koko," nikasema.

Akanipa fimbo nimshikie, akapanda.